Upepo Ubaki Nje: Kuandaa Mashindano ya Kimataifa ya Vindege vya Ukumbini Hapa Utemini, Singida

Swali ni moja, sura zake ndizo nyingi. Mwalimu wa fizikia anauliza kama anaweza kualika shule ya Nairobi. Kijana aliyemaliza chuo cha ufundi cha VETA anauliza kibali kinatoka ofisi gani. Mama mmoja mwenye ukumbi wa sherehe ameniuliza kama watu wa vindege watamwagia mafuta vigae vyake. (Hapana, mama. Watakuwa na kichupa cha mafuta ya nyonyo cha kulainishia mpira, na tone likidondoka watalifuta kabla hujaliona.) Nimeona nijibu wote kwa pamoja, ili anayetaka kuanza aanze.

Kwa asiyevifahamu: sizungumzii droni. Kindege cha ukumbini hakina injini, redio wala kamera. Kina fimbo nyembamba, mabawa yaliyofunikwa utando mwepesi kuliko karatasi ya sigara, na utepe wa mpira uliosokotwa ambao ukijifungua unazungusha rafadha. Daraja linaloheshimika kuliko yote, F1D, linataka mabawa yasiyozidi sentimita 55 na uzito usiopungua gramu 1.4 bila mpira. Mpira wenyewe usizidi gramu 0.4. Chukua karatasi moja ya A4 ya kawaida: ina gramu 5. Kindege hicho bila mpira hakifikii hata theluthi ya karatasi hiyo, na kwenye jengo refu huweza kukaa hewani kama nusu saa. Anayekaa muda mrefu ndiye mshindi, basi.

Neno rafadha nimelichagua makusudi. Mtaani tungesema pangaboi, lakini katika makala haya pangaboi ni lile la darini, tena ni adui, na nitalitaja mara nyingi.

## Kwanza ukumbi, mwaliko baadaye

Kosa kubwa ni kuchapisha bango kabla ya kupima hewa. Kamati inakaa, inachagua rangi ya fulana, inaandika barua kwa mgeni rasmi, inagombania nembo. Mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe ndipo mtu anauliza: hivi tunarushia wapi? Kwa mchezo huu hewa tulivu ndiyo uwanja. Singida kila mtu anaujua upepo wetu, na wanaopanga kuvuna umeme wa upepo hapa hawakupotea njia. Ndiyo sababu mchezo wa kufungiwa ndani unatufaa, mradi upepo ubaki nje kweli.

"Lakini hatuna jengo refu." Hilo ndilo pingamizi ninalolisikia kuliko yote. Ni kweli, hatuna mgodi wa chumvi kama ule wa Slănic, Romania, ambako mashindano ya dunia yamefanyika mara kadhaa chini ya ardhi, dari likiwa juu kupita mita 50 na hali ya hewa haibadiliki mwaka mzima. Hatuna mabanda ya Cardington, Uingereza, yaliyojengwa kwa ajili ya meli za anga kama R101. Wala hatuyahitaji. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, linagawa kumbi katika makundi manne kwa urefu:

- chini ya mita 8
- mita 8 hadi 15
- mita 15 hadi 30
- zaidi ya mita 30

Rekodi huandikwa kwa kila kundi peke yake. Ukumbi wa harusi wenye dari la mita 6 uko kundi la kwanza, na mgeni anayejua mchezo hataudharau. Wapo warushaji wanaopenda dari fupi, kwa sababu linadai akili zaidi: ukisokota mpira kupita kiasi, kindege kinagonga juu, ukisokota kidogo, kinashuka mapema.

Urefu usipimwe kwenye ncha ya paa. Kipimo kinakwenda hadi pale juu kabisa ambapo duara lenye kipenyo cha mita 15 linaweza kuenea chini ya kenchi bila kukatwa na kitu. Fundi mwenye leza ya kupimia atawamalizia kazi hiyo kwa dakika tano. Andikeni namba hiyo kwenye mwaliko, maana mgeni anajenga kindege chake kwa kuifuata.

Mkienda kukagua ukumbi, angalieni haya:

- Mapangaboi. Yazimike yote, na swichi zake zifunikwe kwa utepe wa gundi wenye maandishi makubwa.
- Mapambo. Vitambaa vya harusi vinavyoning'inia darini vishushwe. Kindege kikilala juu ya kitambaa, hakirudi.
- Kenchi au dari bapa. Dari bapa la jipsamu ni bora kuliko kenchi zilizo wazi, hata kama linawapunguzia mita moja.
- Upenyo kati ya ukuta na bati. Hapo ndipo upepo wa Singida unapoingilia hata milango ikifungwa.
- Wapangaji wa darini. Shomoro, njiwa, popo. Msicheke, popo akiruka saa mbili usiku anabeba mashindano yote.

## Ubani na usufi

Kuna vifaa vya kisasa vya kupimia mwendo wa hewa. Sisi tuna ubani. Washa vipande vitano, vinne kwenye pembe na kimoja katikati, funga milango, kaa chini utulie. Moshi ukipanda wima mpaka usawa wa kichwa ndipo uanze kuyumba, hewa ni njema. Ukilala tangu magotini, kuna mahali panavuja, na moshi wenyewe utakuonyesha ni wapi.

Kisha panda ngazi hadi karibu na dari na uachie nyuzi za usufi, za ule wa kujazia mito. Hesabu hatua kutoka ulipoziachia hadi zilipotua. Mimi nikipata zaidi ya hatua tatu, siukubali ukumbi mpaka upenyo uzibwe.

Jaribio hili lifanywe mara tatu kwa siku moja: saa 12 asubuhi, saa 7 mchana na saa 2 usiku. Anayefanya mara moja tu anajidanganya, na sababu iko hapo juu kichwani: bati. Jua la mchana likiwaka, bati linachemka, hewa ya juu inapata moto, ya pembeni inashuka, na ukumbi mzima unaanza kuzunguka kama sufuria ya uji. Kindege cha gramu 1.4 hakina ubavu wa kubishana na uji huo.

Watu nao ni jiko. Mwili wa mtu aliyekaa kimya hutoa joto la kama wati 100. Wakiingia watazamaji 300, mmewasha pasi thelathini za umeme ndani ya ukumbi. Watazamaji wachache, waliokaa upande mmoja, kimya, ni sehemu ya ufundi wa mashindano.

Habari ya mapangaboi nilijifunza kwa aibu. Jumamosi moja tulifanya jaribio dogo la wanafunzi katika ukumbi mmoja, sitautaja. Binti wa kidato cha tatu alikuwa ametumia wiki tatu kujenga kindege chake. Kilipanda vizuri, taratibu, kila mzunguko juu kidogo ya uliotangulia, na wenzake wameinua videvu wote kama vifaranga. Mlinzi aliyeingia kuchukua kiti aliona watu wanatoka jasho, akatuhurumia, akabonyeza swichi. Pangaboi halikuhitaji hata kufika mwendo wake kamili. Vipande vya utando vilishuka polepole sana, vikimetameta, na mlinzi akawa wa kwanza kusema "pole". Tangu siku hiyo utepe wa gundi hautoki mfukoni mwangu.

## Saa za kurusha, na mahali pa mgeni rasmi

Ukishaelewa habari ya bati, ratiba inajipanga yenyewe:

- Saa 12 asubuhi hadi saa 4 asubuhi: kurusha.
- Saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni: matengenezo, chakula, mashindano ya watoto, hotuba, picha, na usingizi kwa anayeuhitaji.
- Saa 1 usiku hadi saa 4 usiku: kurusha.

Angalieni mgeni rasmi nimemweka wapi. Kwa desturi yetu anafungua, na kwa desturi yetu hiyo hiyo anachelewa. Mkimpangia kufungua saa 2 asubuhi, mtashinda mkingoja msafara wakati hewa bora ya siku inapita, na akifika saa 5 na wapambe wake, milango ikafunguliwa pande zote, siku imekwisha. Mwombeni aje mchana. Mwelezeni sababu kwa heshima. Nimeona viongozi wakiifurahia sababu hiyo kuliko mwaliko wenyewe. Akipenda kuona vindege vikiruka, abaki hadi usiku, akae kama mtazamaji.

Sasa hesabu. Tuseme mna warushaji 20. Kwenye F1D kila mmoja ana miruko sita, na miwili iliyo bora ndiyo inayojumlishwa. Hiyo ni miruko 120. Kwa dari fupi, wekeni wastani wa dakika 12 kwa mruko, kwa hiyo dakika 1,440. Kwenye kumbi zetu nyingi haifai kuachia zaidi ya vindege vitatu kwa wakati mmoja, vitagongana. Gawanyeni kwa tatu, mnapata saa 8, na muda wa kubadilishana unazifikisha kama 12. Siku moja ina saa 7 za hewa njema. Maana yake mashindano ni siku mbili kamili, na siku moja ya mazoezi kabla yake. Anayewaambia yataisha Jumamosi moja hajawahi kuyaandaa.

Mchana wa joto wapeni watoto karatasi. Ndege ya karatasi inavumilia uji wa hewa. Yapo mashindano makubwa ya dunia ya namna hiyo, Red Bull Paper Wings, ambayo fainali zake hufanyika Salzburg, Austria, na yana mambo matatu: kwenda mbali, kukaa hewani, na sarakasi. Chukueni mawili ya kwanza, la sarakasi linaleta ugomvi wa waamuzi. Waambieni watoto kwamba Mjapani Takuo Toda aliiweka karatasi hewani sekunde 29.2 mwaka 2010, kisha mkae pembeni muone watakavyokunja.

## Nani atakuja Singida?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya kujidharau, na mimi hulijibu kwa ramani. Malori ya Kigali na Bujumbura yanapita hapa kila siku yakielekea Nzega, Kahama na mpakani. Anayetoka Nairobi anaingilia Namanga, anashika Arusha, Babati, Katesh, anatushukia. Anayetoka Dar es Salaam anapanda treni ya umeme hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, kisha anamalizia kama kilomita 240 za lami. Tuko njia panda, ila tumezoea kuwatazama wasafiri wakinunua kuku na kuondoka.

Kimataifa maana yake ni nchi zaidi ya moja, haimaanishi Wazungu. Mwaka wa kwanza, klabu moja ya Kenya, shule moja ya Uganda na vijana wawili wa Rwanda ni kimataifa ya kutosha. Anayetafuta wageni kumi wa Ulaya kwa mkupuo wa kwanza atapata barua pepe za pongezi na viti vitupu.

Tahadhari juu ya jina. Mashindano yanayoingia kwenye kalenda ya FAI huandikishwa kupitia chombo cha taifa ambacho ni mwanachama wake. Mtu binafsi au shule haiwezi kujiandikisha yenyewe. Washindani wanatakiwa kuwa na leseni ya michezo ya FAI, na kanuni zinazofuatwa ni za tume yake ya vindege, CIAM. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuuliza chombo hicho ni kipi na kama kitawabeba. Jibu likichelewa, msitumie nembo ya FAI hata kwa kona ya bango. Andikeni "mashindano ya mwaliko ya kimataifa", tumieni kanuni zile zile, na mwaka unaofuata mtakuwa na cha kuonyesha.

## Vibali, kwa mpangilio unaookoa nauli

Watu huanzia juu, kisha wanarudishwa chini kuchukua mhuri. Anzeni chini:

1. Serikali ya mtaa, ili mwenyekiti asisikie habari zenu kwa majirani.
2. Afisa michezo wa Manispaa ya Singida. Huyu ndiye atakayewaambia barua inayofuata iandikwe vipi na ipitie kwa nani.
3. Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Mashindano yenye washiriki wa nje lazima liyajue. Pelekeni barua miezi sita kabla, wala si wiki sita.
4. Polisi, kwa taarifa ya mkusanyiko na wageni.

Katika kila barua wekeni sentensi moja isiyobadilika: *vindege hivi havina injini, redio wala kamera, na vinarushwa ndani ya jengo tu*. Bila sentensi hiyo kila ofisi itafikiri ni droni, na droni zina usajili na kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kwa sababu hiyo hiyo nashauri mwaka wa kwanza msiingize vindege vya redio, hata vile vya F3P vinavyocheza ndani ya ukumbi. Ni vizuri mno, lakini mtatumia miezi kueleza tofauti.

Wageni wapelekewe barua ya mwaliko yenye sentensi hiyo hiyo, waionyeshe forodhani. Wenzetu wengi wa Afrika Mashariki hawahitaji viza. Wengine waombe mtandaoni mapema. Kila mmoja aulize habari ya cheti cha homa ya manjano kulingana na anakotoka.

## Madaraja: msichukue yote

Kamati changa hutaka madaraja manane. Chukueni matatu.

- F1D, kwa wageni wenye uzoefu.
- F1M, mabawa yasiyozidi sentimita 46, uzito usiopungua gramu 3, mpira usiozidi gramu 1.5. Ni imara zaidi, kinasafiri vizuri, na kijana mwenye subira anakimudu mwaka wa pili.
- Daraja la nyumbani, mnalolitunga wenyewe.

La tatu ndilo litakalojaza ukumbi, basi litungeni kwa akili. Pendekezo langu: mabawa yasizidi sentimita 45, na kindege bila mpira kisiwe chepesi kuliko karatasi moja ya A4. Uzuri wake ni kwamba shule isiyo na mizani inaweza kujipima. Weka rula juu ya penseli, karatasi iliyokunjwa upande huu, kindege upande ule. Rula ikiinamia karatasi, ongeza uzito. Nimewaona watoto wa darasa la sita wakigombana vikali juu ya rula hiyo, na ugomvi wote ulikuwa wa fizikia.

"Na balsa tutaitoa wapi?" Mti wa balsa tunaousikia unatoka zaidi Ekwado, na vipande vyake vinaagizwa. Kwa F1D hakuna njia ya mkato, agizeni. Kwa daraja la nyumbani, mianzi iliyopasuliwa ikaparwa kwa wembe inafaa sana. Na nani hapa hakutengeneza gari la mabua utotoni? Ganda la bua la mtama, likikaushwa kivulini, ni jepesi na linapinda bila kuvunjika. Utando uwe karatasi laini ya kufungia zawadi. Mpira ndio usifanyiwe ubahili: mipira ya kufungia noti hukatika mapema na haina nguvu ya kulingana. Agizeni roli moja ya utepe wa mpira wa vindege, mgawane kwa kupima gramu. Kwa kusokotea tumieni keke ya mkono yenye ndoano mahali pa ncha. Inasokota mizunguko mingi kwa mzungusho mmoja, na fundi seremala yeyote anayo.

## Mizani, saa na ngazi

Mizani ya dukani haioni gramu moja. Mnahitaji inayosoma hadi gramu 0.01, na mkoa huu una bahati, maana wanunuzi wa dhahabu wanazo. Dhahabu ya Sekenke ilichimbwa tangu wakati wa Wajerumani, na wachimbaji wadogo wapo mpaka leo. Azimeni mizani mbili, si moja, na jiwe la kuzihakiki. Vindege vipimwe ndani ya ukumbi, mbali na mlango. Pumzi ya mtu inatosha kuidanganya mizani.

Kuna mtego hapa ambao wageni wa pwani hawautarajii. Mti hunywa unyevu wa hewa. Kindege kilichopimwa Tanga kikawa gramu 1.40 kamili kinaweza kukauka kwenye hewa yetu ya Agosti kikawa pungufu, na mwenyewe akadhani mmemwonea. Waandikieni mapema waje na vipande vidogo vya kuongezea uzito, na ruhusuni kila mtu ajipime siku ya mazoezi.

Wapima muda ni wawili kwa kila kindege, kila mmoja na stopwochi yake, na wastani wao ndio unaoandikwa. Mkiwa na vindege vitatu hewani, mnahitaji watu sita wanaopima na sita wanaopumzika. Fanyeni mazoezi nao. Dakika ya kumi na nne, shingo inauma, macho yanatoka machozi, mtu anageuka kidogo kuangalia simu na akirudi hajui kindege chake ni kipi. Chagueni wanafunzi watulivu, msichague mashabiki.

Jambo litakaloleta kesi ni kindege kukwama juu. Andikeni kanuni kabla ya mruko wa kwanza na mbandike ukutani. Desturi ya kimataifa ni kwamba saa inaendelea kwa sekunde 10. Kikijinasua ndani ya muda huo, mruko unaendelea. Kisipojinasua, mruko umekwisha na sekunde hizo 10 zinatolewa. Vile vile mrushaji anaruhusiwa kukielekeza kindege chake kisigonge ukuta, kwa ufito mrefu au kwa uzi uliofungwa kwenye puto la heliamu. Heliamu kwetu si ya kuitegemea. Nunueni fito tatu ndefu za kuvulia samaki, zile zinazovutika, mfunge pamba kwenye ncha. Ngazi iwepo, na anayepanda awe mmoja tu aliyeteuliwa. Mwenye kindege asipande. Mikono yake itakuwa inatetemeka.

Jopo la rufaa liwe la watu watatu kutoka nchi angalau mbili. Malalamiko yaandikwe, yalipiwe ada ndogo inayorudishwa mlalamikaji akishinda. Ada hiyo inapunguza kelele kwa kiasi kikubwa.

## Mgeni na boksi lake

Anayekuja na F1D hana begi zito, ana boksi. Ndani ya boksi hilo kuna miezi ya kazi inayoweza kuharibiwa na tuta moja la barabarani. Basi:

- Boksi lisiingie kwenye buti la basi. Lilipieni kiti chake kama abiria. Kondakta atacheka, mwacheni.
- Mpokeaji awepo stendi kabla ya basi kufika, ili wabebaji wasilivamie.
- Waambieni wageni wasifungashe kwa mifuko ya plastiki ya kubebea. Imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.
- Ratiba iandikwe kwa saa za namna mbili. Ukimwandikia mgeni "saa 2", atakuja saa nane mchana, na atakuwa na haki. Andikeni "saa 2 asubuhi (08:00)".

Kisha kuna mwinuko. Singida iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 14. Kindege kilichorekebishwa Mombasa kitaruka kasi zaidi na kushuka mapema hapa. Wa Nairobi hawatashtuka, kwao ni juu zaidi. Hii ndiyo sababu ya siku ya mazoezi, na ndiyo sababu msiifute hata mfadhili akisema inaongeza gharama za malazi.

Chakula sina la kuwafundisha. Kuku wa kienyeji wa Singida anajitangaza mwenyewe. Ila jiko likae upande upepo unakoelekea, mbali na milango ya ukumbi.

## Fedha, kwa ufupi

Ukumbi unalipiwa siku nne, si mbili: ya kusafisha na kuziba upenyo, ya mazoezi, na mbili za kurusha. Chukueni stakabadhi ya kianzio yenye tarehe na saa, kwa maandishi. Sisi tuliwahi kulipa kianzio kwa neno la mdomo. Tulipofika alfajiri na maboksi yetu tukakuta watu wa sendoff wanapanga viti na mpiga muziki anajaribu spika. Walikuwa na karatasi. Hatukuwa nayo.

Wafadhili wa alizeti na vitunguu hapa kwetu wanaelewa lugha ya bango, lakini bango la kitambaa halitundikwi ndani ya ukumbi, litayumba na kunasa vindege. Wapeni ukuta wa nje, mgongo wa fulana na meza ya chakula. Zawadi ya mshindi isiwe kombe kubwa lisiloingia kwenye boksi lake. Dumu la mafuta ya alizeti wamepewa wa Utemini wakafurahi. Mgeni anayesafiri kwa ndege mpeni asali, iliyofungwa vizuri.

## Usiku wa mwisho

Matokeo yaandikwe ubaoni mruko kwa mruko, kwa chaki, kila mtu akiona, si kwenye kompyuta ya katibu. Umeme ukikatika saa 3 usiku vindege vilivyo hewani vitaendelea kuruka gizani, havina habari. Wapima muda wawe na tochi za kichwani, na wazielekeze juu pembeni, wasiimulike rafadha, maana mwanga ukirudi kwenye utando unapofusha. Msiwashe jenereta karibu na mlango.

Kindege cha mwisho kikigusa sakafu, msifungue milango papo hapo. Subirini wenye vindege wafungashe maboksi yao kwanza. Pigeni picha ubao kabla haujafutwa, pande zote mbili, halafu mtoe utepe kwenye swichi za mapangaboi.